Nilimwambia Mwangi gitaa lake jipya halijanyauka: semi-hollow ya zamani na ya kisasa, Kericho

Wakuu, nawasalimu wote, wanaopiga na wanaosikiliza tu.

Nimefuatilia ule ubishi wa wiki hii kuhusu semi-hollow za zamani na za kisasa. Nimesoma kurasa zote. Kuna mmoja ameandika kwamba anaweza kusikia umri wa mbao akiwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Mwingine amesema gitaa lolote lililotengenezwa baada ya yeye kuzaliwa ni fanicha.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Zamani mimi pia nilikuwa mtu wa namna ya huyo wa mlango uliofungwa.

Nitawasimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Kisa chenyewe kinaniaibisha, kwa hivyo sina sababu ya kukitunga.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani wa kupima majani kwenye kituo cha kununulia chai, upande wa Kapsoit. Kutwa nzima natundika gunia kwenye mizani, nasoma, naandika, nagombezwa na akina mama waliojua uzito wa majani yao kuliko mizani yenyewe.

Wikendi nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa mpiga solo.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne. Tulipiga kwenye harusi, harambee na sherehe za shule. Kiongozi alikuwa Johana, mtu mzima kuliko sisi, sauti nzuri, rhythm ya kutosha. Siku za kazi alikuwa kiwandani, sehemu ya withering.

Kwa ambao hawajawahi kuingia kiwanda cha chai: majani mabichi yakifika hayasagwi moja kwa moja. Hutandazwa kwanza kwenye vitanda virefu vya wavu, feni kubwa inapuliza hewa yenye joto kutoka chini, mpaka yalegee na kupoteza maji. Hiyo ndiyo withering, yaani kunyausha. Jani lisiponyauka vizuri, chai inatoka mbichi mdomoni. Kwetu hata mtoto wa darasa la tatu anajua hilo. Likumbukeni.

Sasa, gitaa.

Nililokuwa nalo halikuwa langu. Lilikuwa la mjomba wangu, Arap Sigei, ndugu yake mama, anayekaa Chebunyo. Zamani alipiga muziki wa dansi Nakuru miaka mingi. Alipookoka akasema hapigi tena nyimbo za dunia, akaniazima mimi, ambaye nilikuwa bado duniani.

Lilikuwa semi-hollow ya zamani kweli. Kama hujui semi-hollow, ni gitaa la umeme ambalo mbavu zake ni wazi ndani kama gitaa la kawaida, lakini katikati limepitishwa kipande kizima cha mbao ili lisipige kelele ukifungulia spika. Hilo la mjomba lilikuwa la rangi ya kahawia, vanishi imepasukapasuka kama matope yaliyokauka, shingo pana ya kujaza kiganja. Ukilipakata unahisi mtetemo tumboni.

Fret zake, vile vyuma vyembamba vya shingoni, zilikuwa zimelika mpaka baadhi ya noti zinakwaruza. Mimi sikuita kukwaruza. Niliita tabia. Halikukaa kwenye tune zaidi ya nyimbo mbili. Hiyo nayo niliita roho.

Watu wakinisifu sauti ile tamu, nilikuwa nawaambia, "Sio mimi, ni mbao. Hii mbao imekomaa." Nilisema hivyo kwa unyenyekevu mkubwa ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi.

Halafu akaja Mwangi.

Mwangi alikuwa mtoto wa Kericho mjini. Babake alitoka Mkoa wa Kati zamani, akafungua duka la hardware, na Mwangi alizaliwa hapo katikati ya simiti na misumari. Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu. Alikuwa mpole, anasikiliza sana, na dadake aliyekuwa nesi ng'ambo alikuwa amemtumia gitaa. Semi-hollow. Mpya. Nyekundu ya kung'aa hadi unajiona meno.

Alipotutembelea mazoezini mara ya kwanza, Johana aliniambia nilipige kidogo nione.

Ngoja niseme ukweli ambao siku ile nilikataa kuusema. Lilikuwa gitaa zuri. Shingo nyembamba, laini, mkono unateleza wenyewe. Nyuzi ziko chini, hulazimiki kubonyeza kama unakamua ng'ombe mkaidi. Kila noti ilitoka, hata zile za juu kabisa ambazo kwenye gitaa la mjomba tulishazizika. Sauti safi, ndefu, haina mlio wa nyuki nyuma. Na likakaa kwenye tune mazoezi mazima. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma.

Nililirudisha nikasema, "Si mbaya. Ni ya kuanzia."

Baada ya kama mwezi Johana akatuletea habari. Kulikuwa na studio Nakuru imekubali kuturekodi. Siku moja tu, kaseti moja, na chumba chenyewe ni kidogo, wanataka gitaa la solo moja. Johana akasema ataamua kati yangu na Mwangi, na safari ni baada ya wiki mbili.

Wakuu, mjue kaseti ilikuwa nini wakati ule. Nilikuwa nimepiga miaka minne kwenye viwanja vyenye matope nikisubiri siku jina langu liandikwe kwenye ile karatasi ya ndani ya kaseti. Nilishawaambia watu wa kituo. Nilishamwambia mama. Na sasa mtu aliyetuzoea mwezi mmoja, mwenye vidole vizuri kuliko vyangu, alikuwa amekaa pale anakunywa chai yetu.

Ndiyo, vizuri kuliko vyangu. Nilijua siku ya kwanza.

Kwa hivyo sikugusia vidole. Nikaongea juu ya mbao.

Tulikuwa kwenye social hall ya wafanyakazi, wote wanne na Mwangi. Nikasimama nikatoa hotuba. Nikasema kaseti inataka sauti iliyokomaa. Nikasema gitaa la Mwangi lina kasoro moja tu, wala si kosa lake.

"Mbao bado mbichi," nikasema. "Bado ina maji ndani. Ni kama jani ambalo halijapita withering. Unaweza kusaga, lakini utakunywa majani."

Wote wakatikisa kichwa. Mngekuwa hapo mngetikisa pia. Ilikuwa hoja ya watu wa chai, imesemwa kwa lugha ya chai, na karani wa chai.

Mwangi akaliangalia gitaa lake. "Kwa hivyo inachukua muda gani kukauka?"

"Miaka thelathini," nikasema.

Ilitakiwa iishie hapo. Lakini Johana alikuwa fundi wa kazi yake, na fundi ukimwambia kuna kitu hakijanyauka, hawezi kulala.

"Miaka thelathini ni kwa sababu iko kwa nyumba," Johana akasema polepole. "Hakuna hewa. Jani ukiweka kwa nyumba pia itachukua wiki. Sisi tunafanya na masaa kumi na nne."



"Mbao ni ngumu kuliko jani," akaendelea. "Tuseme siku tatu."

Ilikuwa kiangazi, majani machache, na vitanda viwili vya mwisho vilikuwa havina kitu. Johana alikuwa ameshapiga hesabu yote kichwani. Mwangi akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu.

"Wewe unaonaje, ndugu yangu?"

Hapo ndipo ningesema nilikuwa natania. Sentensi moja tu.

Nikasema, "Inaweza kusaidia."

Gitaa likaingia withering Jumatano. Johana alililaza kwenye wavu, akafungulia feni, na kila baada ya saa chache akaligeuza, kama inavyotakiwa kufanyiwa majani. Wenzake wa zamu waliambiwa ni mambo ya muziki. Walikubali bila shida, na mmoja akauliza kama ingesaidia pia redio yake.

Alhamisi nilipeleka majani kiwandani, nikapitia. Mwangi alikuwa pale, ameomba ruhusa dukani kwa babake, amesimama kando ya kitanda kama mtu anayengoja mgonjwa wodini. Nikaweka kiganja mgongoni mwa gitaa. Lilikuwa na joto la mkate. Nikasikia kwa vidole kwamba pembeni, pale mgongo unapokutana na mbavu, pameanza kuinuka.

"Bado kidogo," nikamwambia.

Sina la kujitetea, wakuu. Endeleeni kusoma.

Jumamosi mchana tukakutana social hall kwa uamuzi. Johana hakutaka aonekane anapendelea, kwa hivyo alikuwa ameleta hakimu. Alikuwa mwonjaji wa kiwanda.

Mnamfahamu mwonjaji wa chai? Ni yule mzee wa koti jeupe anayepanga vikombe ishirini mezani, anavuta chai na kijiko kwa mlio wa kutisha, anatema, anasema neno moja la Kizungu, na chai ya mlima mzima inapata daraja. Sisi tulimwita Mzee Taster. Hajawahi kushika gitaa. Lakini Johana alisema mtu anayeweza kutofautisha shamba la juu na la chini kwa ulimi hawezi kushindwa na gitaa mbili.

Tukatundika magunia katikati ya ukumbi kama pazia. Mzee Taster akaketi upande mmoja na chupa yake ya maji ya kusukutua. Akasukutua kabla hatujaanza. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Sheria ilikuwa yangu mwenyewe, niliipendekeza mimi: mzee aseme ni gitaa lipi limekomaa. Mwenye lililokomaa anaenda Nakuru.

Nikaanza mimi. Nikapiga solo ya wimbo wetu wa ng'ombe wa gredi aliyepotea siku ya soko. Nilipiga vizuri, nisiwafiche. Kwa hofu ya kushindwa nilikuwa nimebadilisha nyuzi asubuhi, nikaweka tune kwa uangalifu wa ajabu, na nikakwepa zile noti zinazokwaruza.

Upande wa pili tukamsikia mzee akivuta hewa kwa meno, vile anavyovuta chai.

"Brisk," akasema, vile wanavyoita chai iliyochangamka. "Bright sana."

Kisha Mwangi. Nilimwangalia akiweka tune. Aligeuza, akageuza tena, uso ukabadilika. Shingo ilikuwa imejikunja kwa nyuma. Ubao wa vidole ulikuwa umesinyaa hadi ncha za fret zimetokeza pembeni, na nilimwona akivuta mkono haraka kwa kukwaruzwa. Hata hivyo akapiga. Nusu ya noti zilikufa njiani. Zilizobaki zilikwaruza, zikalia kama mlango wa ghala.

Mzee Taster akavuta hewa tena.

"Hii," akasema, "hii ndiyo ya zamani. Iko na body, uzito wa mdomoni. Imeishi. Ile ya kwanza ni ya juzi, ni bright lakini haina historia."

Akasukutua, akatema nje ya dirisha, akaenda zake.

Johana akamheshimu mtaalamu. Akasema basi, imeamuliwa, Mwangi anaenda Nakuru, na withering imefanya kazi. Alifurahi kwa dhati. Nafikiri alikuwa tayari anawaza kufungua biashara.

Mimi nilikuwa nimeshindwa kwa sheria yangu, na gitaa nililoliharibu, kwa kipimo nilichokitunga. Lakini sikupata hata muda wa kukasirika. Mwangi alikuwa amegeuza gitaa lake, anaingiza ukucha kwenye ufa wa mgongoni. Ukucha ukaingia wote. Alilipangusa kwa shati, polepole, kama vile vumbi ndilo lililokuwa shida.

"Siwezi kurekodi na hii," akasema mwishowe. "Wewe nenda tu, ndugu yangu. Gitaa yako iko sawa."

Kwa hivyo nilipata nilichotaka. Nafasi ilikuwa yangu.

Johana akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa magitaa, nimpelekee mjomba lile jekundu aone kama lina dawa. Nikalifunga kwa blanketi, nikafika Chebunyo Jumatatu mchana. Mjomba alikuwa kivulini anapaka mbuzi mmoja dawa ya kidonda. Akanawa mikono, akalipokea, akaligonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale. Halafu akainamisha pua kwenye lile tundu la pembeni.

"Mbona hii gitaa inanuka chai?"

Nikaanza na hadithi ya Johana. Mjomba akaniangalia tu. Nikaanza tena na hadithi ya Mzee Taster. Akaendelea kuniangalia. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kweli, na niliisema nikiangalia mbuzi.

"Sasa nani alikuambia mbao ikikauka ndiyo inaimba?" akauliza.

"Hata yako, mjomba. Ile sauti ni ya zamani."

"Ile sauti?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Ile sauti ni pickup, hizo sumaku chini ya nyuzi. Za kwanza ziliungua Nakuru. Hizo ziko sasa niliwekewa na fundi wa redio hapa Bomet, mpya kabisa, mwaka ule ulianza kazi ya kupima majani. Hata shingo si yake. Ya kwanza ilivunjika. Kitu ya zamani hapo ni rangi."

Wakuu, huo ndio mwaka niliokuwa nimewatangazia watu wote wa Kapsoit kwamba sauti ya gitaa imefunguka sasa, mbao imefika umri wake.

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Mjomba akasema kuna seremala anayeweza kuligundisha jekundu na kujaribu kunyoosha shingo, lakini ni kazi ya miezi, na huenda lisirudi kama zamani. Kisha akasema lingine kwa sauti ile ile ya kawaida.

"Yangu umpe huyo kijana aende nayo Nakuru. Wewe mwenyewe umpelekee. Na umwambie hii yote umeniambia."

Nilimpelekea. Nilifanya nusu ya nilichoagizwa. Nilimpa gitaa, nikasema mjomba amependa mwenye kidole kizuri ndiye arekodi. Mwangi alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hajawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo. Nilirudi nyumbani sikuweza hata kula.

Walienda, wakarekodi, kaseti ikatoka. Ilikuwa nzuri. Kwenye kibanda kimoja Kapsoit ilipigwa asubuhi mpaka jioni, na watu wa kituo wakaanza kunipongeza. "Hiyo solo ni wewe, tunajua sauti ya gitaa yako." Karatasi ya ndani ilikuwa na jina la Mwangi, lakini nani anasoma karatasi. Nilisema asante. Siku tatu nzima nilisema asante.

Siku ya nne Mwangi akaja kituoni kunirudishia gitaa. Akalisifu. Akasema shingo ni nene, imemchosha mkono, lakini limemsitiri. Kisha akaketi juu ya magunia, akaniambia amekuwa akifikiria.

"Yangu ikitengenezwa, nafikiri tujaribu tena. Johana anasema tuliitoa mapema. Pengine siku nne."

Alikuwa bado anaamini. Gitaa la dadake limepasuka mgongo, na alikuwa anajilaumu kwa kukosa subira.

Hapo nikamwambia. Yote. Kwamba halikuwa na kasoro, kwamba nilijua, kwamba Alhamisi nilisikia mgongo ukiinuka chini ya kiganja changu nikamwambia bado kidogo. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walisikia pia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenigombeza kuhusu mizani.



"Nilijua unaniogopa," akasema Mwangi. "Sikujua ni hivyo."

Akainuka, akawasalimia akina mama mmoja mmoja, akaenda.

Hakuja tena mazoezini. Gitaa lake lilitoka kwa seremala miezi mingi baadaye, na nilisikia analipiga kanisani mjini. Siku moja niliingia ibadani, nikakaa nyuma kabisa, kusikiliza. Fret mbili zilikuwa zimekufa na sauti imepungua upande wa chini. Alikuwa anazipita zile noti mbili vizuri sana hivi kwamba mtu asiyejua asingejua. Mimi nilijua kila mahali alipozikwepa.

Sasa, kwa wale mliokuja kutafuta jibu la zamani au kisasa.

Ya zamani inajaza mkono, inatetema tumboni, na ina sehemu nyingi ambazo si zake. Ya kisasa ni laini, inakaa kwenye tune, noti zote zipo. Sauti zao zinatofautiana kidogo, ndiyo. Lakini nimepiga gitaa miaka mingi tangu wakati ule, na sijawahi kusikia umri wa mbao. Nilichosikia siku ile kwenye social hall ni mtu mwenye vidole vizuri kuliko vyangu, nikatafuta jina lingine la kuita hilo.

Kwa hivyo kijana ukinunua semi-hollow yako mpya, na mtu mzima akakuambia bado haijakomaa, usimuulize juu ya mbao. Muulize anapiga wapi siku hizi, na kama kuna nafasi moja.

Nimemaliza. Wa kunitukana njooni kwa zamu, nafasi ipo, na wenye semi-hollow wekeni maoni yenu. Ila yule wa chumba cha pili na mlango uliofungwa, wewe nakuomba uanze: ni nani aliyekuwa anapiga?